Vitambaa vya Mgeni

Yerevan, 12 Oktoba 1974

Shangazi Iskuhi,

Nabusu mikono yako yote miwili, wa kulia kwa sababu ulikausha aprikoti, na wa kushoto kwa sababu ulizifunga vizuri zikafika bila kupondeka. Zimeisha kwa siku tatu. Mwizi ni mimi. Zvart alipata tano tu. Anakusalimu sana. Siku hizi hafundishi, anapumzika kidogo. Mimi ni mzima na kazi ni ileile: kutwa nimeinama katika nyumba ya maandiko ya kale, naunga kurasa zilizochanika za watu waliokufa miaka mia tano iliyopita, na hakuna hata mmoja wao anayeniambia asante. Vipi goti lako? Na yule panya wa sanduku la unga, mmeelewana?

Sasa neno lenyewe. Namtaka Mgeni.

Usikunje uso, nisikilize kwanza. Najua kwamba Injili ile Bibi Noyem aliibeba mgongoni kutoka Mush mwaka 1915, akiwakimbia Waturuki, baba yangu akiwa amefungwa kifuani, na kwamba kijiji kizima kinaiita Mgeni kwa kuwa ilikuja na wakimbizi na haikuondoka tena. Lakini ni kitabu, Shangazi. Ni ngozi na wino. Kimekaa miaka sitini kwenye kishubaka juu ya tanuri, moshi chini, unyevu nyuma, na kila mwenye shida anayekuja kuomba anakifunga kitambaa kingine juu ya vitambaa vya wenzake. Hakipumui. Huenda wadudu wamekwisha kula nusu. Niletee, au mpe Paruyr wa basi aniletee. Nitakisafisha na kukitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na mwakani wakati wa aprikoti nitakirudisha. Nakuapia.

Zvart naye angefurahi kukiona.

Mwanao,
Vahram


Arevadzor, 3 Novemba 1974

Vahram mwanangu, maumivu yako yawe yangu,

Barua yako ilikaa siku tisa mfukoni mwa Paruyr kwa sababu alikuwa anamwoza bintiye, na kwenye arusi hakuna anayesoma anwani. Nilikula, nikacheza mpaka goti likanishtaki. Viazi vimetoka vizuri. Ng'ombe hana maziwa lakini ana kiburi. Panya bado yupo. Jirani yangu Maro ananisumbua nisogeze sanduku la unga nimtafute nyuma yake, lakini mguu mmoja wa lile sanduku Mama aliusawazisha mwenyewe kwa udongo, na maisha yake yote akiniona na ufagio pale alikuwa ananiambia, "Hapo acha." Basi nimeacha. Panya naye ana Mungu wake.

Kuhusu Mgeni, hapana.

Mgeni hapendi safari. Alisafiri mara moja, ikamtosha. Halafu Jumamosi wanawake wakija na mishumaa yao nitawaambia nini, kwamba amekwenda Yerevan kupimwa? Mtoto wa Maro yuko jeshini, kitambaa alichomfungia hata hakijaingia vumbi. Wewe mwenyewe ulipougua surua Mgeni alilala chini ya kichwa chako siku sita, ukapona, na leo unamsingizia wadudu! Hakuna wadudu. Hajafunguliwa tangu nizaliwe na hatafunguliwa. Desturi yake unaijua: unaongeza kitambaa, hupunguzi.

Na Zvart anapumzika nini? Mwalimu wa hesabu mwenye miaka thelathini na miwili hapumziki mwezi wa Oktoba. Nakuuliza mimi, na usinijibu habari za wadudu.

Nimekutumia jibini na mikate. Mikate inyunyizie maji kwanza ilainike, usiitafune mikavu kama mtu aliyezaliwa mjini.

Shangazi yako,
Iskuhi


Yerevan, 24 Novemba 1974

Shangazi mpendwa,

Jibini imefika, mikate nimeinyunyizia maji kama ulivyoamuru. Mvua inanyesha hapa mfululizo na lifti yetu imekufa tena, kwa hiyo mapafu yangu yana afya. Zvart hajambo.

Umenikumbusha surua. Ninachokumbuka mimi ni kwamba Mgeni alikuwa mgumu kama ubao chini ya shingo yangu, na alinuka. Wewe utasema ni moshi wa mishumaa. Hapana, ilikuwa harufu ya kitu kilichoungua. Nilimuuliza Bibi Noyem kwa nini ananuka hivyo, akaniambia, "Lala." Nililala. Lakini sasa nina miaka thelathini na sita, nafungua vitabu vya watu wa Tabriz na wa Crimea, watu nisiowajua hata majina, na kitabu cha nyumbani kwetu sijawahi kuona hata herufi yake moja. Huoni ni kichekesho?

Rafiki yangu ananiazima gari. Tarehe nane Desemba nitakuja mwenyewe, kabla theluji haijafunga njia. Nitambeba Mgeni kwa adabu zote, mbele, kwenye kiti kizuri. Usibishane nami, Shangazi. Nina haraka kidogo.

Vahram


Arevadzor, 15 Desemba 1974

Vahram,

Nimesikia ulifika mpaka darajani ukarudi. Paruyr alikuona ukisukuma gari kwenye theluji na viatu vya ofisini. Natumaini hukupata mafua. Chemsha maziwa, tia asali, unywe.

Nitakuambia ukweli mmoja: theluji ilipoanguka asubuhi ile nilifurahi. Nilisimama dirishani nikafurahi kama mtoto. Halafu nikajionea aibu, kwa sababu mtoto wa kaka yangu alikuwa njiani kuja kwangu na mimi naombea barabara ifungwe.

Usije tena kwa jambo hili. Wewe ulikuwa masomoni Mama alipofariki, hujui ilivyokuwa. Alikufa kichwa chake kiko juu ya Mgeni. Mchana kutwa mkono wake ulikuwa unapapasa vile vitambaa, fundo moja baada ya jingine, na macho yake kwangu. Nilijua ana neno la kuniambia. Mimi pia nilikuwa na neno la kumwambia. Hakusema, sikusema, ikawa jioni na akaenda. Tangu siku ile mzigo ule siupendi kuushika, nakuambia wazi, lakini kuutoa siutoi.

Na Zvart hujanijibu. Umeandika ukurasa mzima wa harufu, na mkeo umempa maneno mawili.

Iskuhi


Yerevan, 9 Januari 1975

Shangazi,

Heri ya Krismasi yetu ya tarehe sita, na ya mwaka mpya. Mimi nimekula samaki wangu na wali wa zabibu peke yangu, jikoni, nimesimama.

Umeshinda, nakujibu. Zvart yuko hospitali tangu mwanzo wa Desemba. Ana mimba, mwezi wa tano sasa. Hii ni ya nne. Tatu za kwanza hatukukuambia, kwa sababu kila mara tulikuwa tunangoja tuwe na habari njema. Unakumbuka Pasaka ile tulipokuja na Zvart akakataa kucheza, ukamwita binti wa mjini? Ilikuwa wiki tatu baada ya ile ya pili kuharibika. Safari hii daktari amemwambia alale tu, asinyanyue hata birika. Analala. Anahesabu vigae vya dari, anasema viko mia moja na kumi na viwili na kimoja kimepasuka.

Ni yeye anayemtaka Mgeni. Mwezi wa Oktoba aliniambia, "Vahram, najua utacheka, lakini mwambie shangazi yako amlete." Sikucheka. Niliona haya. Mimi ndiye ninayewaambia wenzangu kila siku kwamba kitabu ni ngozi na wino basi, sasa nikuandikie kwamba mke wangu anataka kukilalia? Ndiyo nikaleta habari za wadudu. Kukisafisha ni kweli nilitaka, lakini hiyo haikuwa sababu yenyewe.

Umekataa bila kujua, sikulaumu. Sasa unajua. Ukikataa tena sitauliza kwa nini. Ila nitajua kwamba iko sababu, na kwamba ni kubwa.

Mwanao,
Vahram


Arevadzor, 16 Februari 1975

Vahram mwanangu, maumivu ya Zvart yawe yangu, yote, asibakishe hata kidogo,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichoma. Utaona jinsi ninavyopenda kuchoma vitu. Soma mpaka mwisho.

Njia imefunguliwa. Juzi tumewasha moto wa kuaga baridi uani kwa Maro, na waliooana tangu mwaka jana wakauruka kwanza kama kawaida. Binti wa Paruyr aliruka ameshikana mikono na mumewe, sketi nusura ishike. Mimi moto huo sijauruka tangu mwaka 1937. Kila mwaka nasingizia goti, hata wakati goti lilikuwa zima.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yako Hovsep alikuwa ndiyo kwanza amepewa ualimu. Padri wa kijiji cha chini alichukuliwa mwezi wa Agosti na hakurudi. Siku moja ya Septemba Maro akaja mbio, nywele wazi: "Iskuhi, wako watu wa mjini ofisini! Wanapita nyumba kwa nyumba. Wakikuta kitabu cha dini kwa mwalimu, wanaondoka na mwalimu!" Mama alikuwa bondeni kwenye viazi vya shamba la ushirika, Hovsep yuko darasani. Nilikuwa peke yangu. Tulikuwa tumeoka asubuhi, tanuri bado lina makaa. Nikamshusha Mgeni. Nikamvua vitambaa vyote, nikaona jalada lake jekundu kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikulifunua hata kuchungulia. Nikamtupa ndani. Nikafunika tanuri.

Halafu nikamwogopa Mama. Mezani palikuwa na kitabu cha daktari wa mifugo aliyekuwa analala kwetu wiki ile, kinene vilevile, kipana vilevile: magonjwa ya ng'ombe na tiba zake. Nikakifunga vile vitambaa kimoja juu ya kingine, nikakipandisha kishubakani. Daktari alikitafuta kitabu chake siku nne. Alitafuta mpaka chini ya kuku.

Na wale watu wa mjini, Vahram, walikuwa wamekuja kwa ajili ya mizinga ya nyuki. Walikunywa mtindi kwetu, wakasifu mkate, wakaenda zao.

Basi kila Jumamosi kwa miaka thelathini na saba nawasha mshumaa mbele ya magonjwa ya ng'ombe. Wanawake wanalia, wanafunga vitambaa, wengine wanapona na wengine hawaponi, nami nasimama pembeni na kiberiti. Mama alitembea kwa miguu kutoka Mush. Dhahabu yake aliiacha, mama yake mwenyewe alimzika kando ya njia, Mgeni hakumwacha. Mimi nilimmaliza kwa dakika moja kwa kuwaogopa watu wa nyuki. Na Mama akafa amelalia kitabu cha ng'ombe. Kila nilipokuambia hapana sikuwa namlinda Mgeni. Nilikuwa najilinda mimi.

Paruyr anakuletea mzigo ulivyo. Barua nimeishona ndani ya gunia maana yule husoma. Ningeweza kunyamaza tu, ukamwekea Zvart, naye akalala kwa amani. Lakini siwezi kumdanganya mwanamke aliyelala chali anangoja mtoto. Nimekwisha danganya vya kutosha. Wewe ndiye mwenye mke, wewe amua umwambie au usimwambie. Na ukitaka kunichukia, subiri mtoto azaliwe kwanza. Kwa sasa usipoteze nguvu.

Iskuhi


Yerevan, 12 Machi 1975

Shangazi mpendwa,

Zvart hajambo na mtoto anapiga teke. Hilo lijue kwanza. La pili, kaa chini. Kaa kwenye kigoda, na kama Maro yuko hapo mwambie akaangalie kuku wake.

Paruyr alinikabidhi gunia kana kwamba ananikabidhi mtoto mchanga. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za hospitali, nikakaa pale mpaka mapaja yakafa ganzi. Sikukuchukia. Nilimfikiria yule msichana wa miaka kumi na saba peke yake na tanuri, na nilitamani ningekuwepo nimshike mkono. Kisha nikaamua kunyamaza.

Mlangoni muuguzi akanizuia. "Mizigo hairuhusiwi."

"Ni kitu cha kuegemeza kichwa."

"Cha kuegemeza kichwa kina mafundo?" Ni mama mtu mzima, watu wake walitoka Sasun, jirani na Mush. Akakitazama. Akamwinua Zvart kichwa yeye mwenyewe, akamwekea. Kesho yake akaja na kitambaa chake mkononi, eti ana mjukuu ana pumu, akafunga bila kuniomba ruhusa.

Wiki mbili nikawa nakaa kando ya kitanda na siri yako mfukoni. Jumapili nikashindwa, nikamwambia Zvart yote. Nilidhani atalia. Alicheka, Shangazi. Alicheka mpaka akashika tumbo nikaogopa.

"Magonjwa ya ng'ombe?"

"Na tiba zake."

"Basi fungua tusome hizo tiba. Kulala, kulishwa, kupimwa. Mimi na ng'ombe tuna tofauti gani?"

Nikafungua. Yeye alihesabu kwa sauti ya darasani. Vitambaa arobaini na kimoja, pamoja na cha muuguzi. Vya juu vya nailoni, vya katikati vya pamba, vya ndani vimekuwa vyepesi mno hata niliogopa kuvishika. Cha mwisho kabisa kilikuwa cha msichana, kijani chenye nukta nyeupe. Nikakifungua.

Hapakuwa na ng'ombe.

Ni Mgeni, Shangazi. Ni yeye. Ameungua: jalada jekundu limebaki kipande cha kiganja, pembe zote ni mkaa, kurasa zimejikunja na kushikana. Lakini kitabu chetu si cha karatasi, ni cha ngozi ya ndama. Karatasi ingekuwa majivu. Ngozi ya namna ile ikipata moto husinyaa, hujibana, ikaficha katikati yake. Makaa yenu ya mkate hayakumweza. Katikati maandishi ni meusi, yamenyooka, yanasomeka yote. Kila siku nashika vitabu vya kale, na Jumapili ile nilisahau hata namna ya kukishika mpaka Zvart akanipokonya. Akakaa nacho kifuani. Akasema, "Ngozi ya ndama. Kumbe ng'ombe yupo." Kisha ndipo akalia.

Kwa hiyo kuna mtu alimtoa tanurini. Akakitoa kile kitabu cha daktari, akamrudisha Mgeni mahali pake, akafunga vitambaa vyote upya, na hakumwambia mtu. Kesho yake nani alisafisha tanuri?

Ukurasa wa mwisho umeungua kando tu. Mwandishi aliyekinakili ameacha ukumbusho wake, kama walivyokuwa wakiacha wote: "Mimi Stepanos, mwenye mkono mbaya, nilimaliza kitabu hiki mwaka wa Waarmenia mia tisa ishirini na mmoja, katika baridi kali, wino ukiganda. Wewe usomaye, mkumbuke mama yangu Shushan, aliyeupasha wino kwa pumzi yake." Kwa hesabu ya leo ni mwaka 1472. Chini yake kuna mwandiko mwingine: "Kitabu hiki kilichukuliwa mateka, nami Khatun nikakikomboa. Nikumbukeni." Kila aliyekiokoa ana haki ya neno chini ya wenzake. Bibi Noyem hakujua kuandika, kwa hiyo nitamwandikia mimi, kwenye ukurasa mpya nitakaoushona mwishoni. Lakini kuhusu moto niandike nini? Naweza kuandika kwamba ilikuwa ajali. Kazini hakuna atakayeuliza. Hilo ni lako kusema, si langu.

Vahram


Arevadzor, 11 Mei 1975

Vahram mwanangu, Zvart mwanangu, na wewe mdogo usiyejua kusoma, maumivu yenu yote yawe yangu,

Telegramu yenu Maro aliisoma kwa sauti mbele ya duka kabla mimi shangazi mwenyewe sijaiona. Msichana, kilo mbili na nusu! Nimekaanga mayai, nimetoa asali, nimelisha kila aliyepita. Maro amenuna kidogo, alitaka aitwe Noyem. Mimi nimefurahi mmemwita Shushan. Mwanamke aliyepasha wino kwa pumzi yake amengoja miaka mia tano mtu amkumbuke, na Mama alikuwa mtu wa kumpisha mwenzake kwenye foleni.

Barua yako ya Machi niliipata. Wiki saba sikujibu. Nilikuwa nalia, sikufichi. Nakamua ng'ombe nalia, nakanda unga nalia, mpaka Paruyr akauliza kama kuna msiba.

Umeuliza nani alisafisha tanuri. Kesho yake asubuhi Mama alinituma chemchemini mara tatu. Mara tatu, na mitungi imejaa. Akasema, "Leo nasafisha mimi." Nilishukuru, maana sikutaka kuyaona yale majivu. Niliporudi mara ya tatu amejifunga tambara mkononi, anasema ameungua kidogo. Sikuuliza ameungua na nini. Ile harufu uliyoisikia ulipokuwa na surua, mimi niliisikia miaka yote. Nilidhani ni dhambi yangu inanuka.

Na kile kitambaa cha kijani ni changu. Hovsep alininunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Kilipotea wiki ileile, nikakitafuta kila mahali, nikamuuliza Mama, akasema, "Kitaonekana." Nanyi mnajua kitambaa cha Mgeni maana yake nini. Unamfungia yule unayemwombea. Mama aliniombea mimi, akaniweka ndani kuliko wote, na miaka ishirini na tisa tukala chakula pamoja bila yeye kunitazama vibaya hata siku moja. Mimi nilidhani hajui. Yeye, nadhani, alikuwa ananingoja nimwambie mwenyewe. Hata siku ile ya mwisho, anapapasa yale mafundo na kunitazama, alikuwa bado ananingoja, na mimi nikamwacha aende hivyo. Hilo ndilo linaloniuma sasa, si moto.

Kwa hiyo andika ukweli. Andika hivi: "Iskuhi binti Noyem alimtia motoni kwa hofu, akitaka kumwokoa kaka yake. Noyem mama yake alimtoa kwa mikono yake. Wakumbukeni wote wawili." Habari ya moto usiipunguze. Wanawake pia nimewaambia, Jumamosi iliyopita, nimesimama mbele ya kishubaka kitupu. Kisha Maro akasema, "Mimi ndiye niliyekuja mbio kusema wanapekua. Mniandike na mimi." Sasa anataka jina lake litangulie langu. Mwandike, la sivyo hatutapumua huku.

Mje wakati wa aprikoti. Mgeni na mtoto, mmoja mbebeni mgongoni na mwingine kifuani, mtakavyopanga ninyi. Na hicho kitambaa changu kirudisheni palepale kilipokuwa.

Neno moja bado. Nilijiuliza, kama Mgeni alirudi kishubakani, magonjwa ya ng'ombe yalikwenda wapi? Nikamwita Paruyr na mkwewe, tukalisogeza sanduku la unga. Panya tulimkuta na ukoo wake mzima. Na chini ya ule mguu, chini ya udongo, ndani ya kipande cha gunia, kilikuwepo. "Hapo acha." Miaka thelathini na saba nimefagia nikikizunguka. Niliketi sakafuni, nikafuta udongo, nikasoma ugonjwa wa kwato mwanzo mpaka mwisho mbele ya Paruyr aliyedhani nimerukwa na akili.

Kisha nimekirudisha. Sanduku lilikuwa linayumba.

Shangazi yenu,
Iskuhi